Brood War: Zerg au Protoss? Tuweke namba mezani

#1 MabuuMatatu

Wakuu, heshima kwenu.

Kila mtu mpya anayeingia StarCraft: Brood War, mchezo wa kompyuta wa vita, anauliza hivi: kati ya jamii mbili za viumbe wa anga, Zerg na Protoss, nishike ipi? Terran ni binadamu, kwenye uzi huu tuwaweke kando. Majibu mengi huishia kwenye sura, mara wale wadudu wanatisha, mara wale wenye macho yanayowaka wana heshima. Msimamo wangu ni kwamba uchague kwa kuangalia kazi ambayo mikono na akili yako vitafanya tangu dakika ya kwanza, kwa sababu jamii hizi zinapata jeshi kwa njia mbili zisizofanana kabisa, na hapo ndipo mtu anapoipenda moja au kuichoka.

Naanza na Zerg. Kila askari na kila mfanyakazi anatoka kwenye buu. Hatchery moja (jengo kuu la Zerg) inatoa buu moja kila sekunde 14 hivi kwenye kasi ya juu kabisa, Fastest, na mabuu yakifika matatu inasimama mpaka uyatumie. Buu hilohilo linaweza kuwa Drone wa kuchimba (madini 50), Overlord wa kuongeza nafasi 8 za jeshi (madini 100) au Zergling wawili (madini 50). Maana yake kila buu ni uamuzi kati ya uchumi na vita. Protoss anatoa Probe (mfanyakazi) kwenye Nexus (jengo kuu) na Zealot (askari) kwenye Gateway kwa wakati mmoja, kinachombana ni madini tu. Zerg akitoa Zergling, kuna Drone ambaye hakuzaliwa.

Halafu Drone akijenga anageuka kuwa jengo lenyewe. Spawning Pool, jengo linaloruhusu Zergling, imeandikwa madini 200, ila gharama yake halisi ni 250, na bado hujahesabu buu uliyotumia na madini ambayo Drone yule angechimba. Ndiyo sababu utaona Zerg anaongeza Hatchery (madini 300) hata mahali pasipo na madini ya kuchimba. Anachotafuta pale ni mabuu.

Mpangilio wa kuanzia (namba ni nafasi zilizotumika): una Drone wanne, madini 50, nafasi 9. Toa Drone hadi 9, kisha Overlord, endelea hadi 12, weka Hatchery ya pili kwenye kambi ya pili, halafu Spawning Pool ukiwa na 11. Dhidi ya Protoss aliyefungua kambi ya pili mapema, Hatchery ya tatu inafuata kwenye 13.

Mdau wa Protoss aje ajaze upande wake.


#2 Ngao_Kwanza

Mkuu, umeeleza vizuri. Najaza.

Probe hafi akijenga. Anafungua jengo, linajikamilisha lenyewe, yeye anarudi kuchimba. Probe mmoja anaweza kufungua majengo matatu kwa safari moja kama madini yapo. Bei za kukariri: Pylon 100 (nafasi 8), Gateway 150, Cybernetics Core (jengo linalofungua Dragoon) 200, Nexus 400, Zealot 100, Dragoon (askari wa kupiga kwa mbali) 125 na gesi 50. Kila kitu ni ghali, kwa hiyo jeshi lako litakuwa dogo na kila askari ana thamani. Ukipoteza Zealot wawili kizembe dakika ya nne, ni madini 200 yamekwenda. Zergling wawili ni 50.

Sharti la Protoss ni umeme. Isipokuwa Nexus, Assimilator na Pylon zenyewe, kila jengo lazima liwe ndani ya eneo la Pylon. Wageni wanaweka Gateway tatu na mizinga miwili (Photon Cannon) kwenye Pylon moja. Adui anaipiga ile Pylon tu, mizinga inazimika, Gateway zinasimama, na mechi imeisha hata kama hakuna jengo jingine lililovunjika. Kila eneo muhimu liwe na Pylon mbili zinazopishana.

Jambo la pili ni uhai. Askari wa Protoss ana tabaka mbili: ngao inayorudi yenyewe, na mwili usiopona hata kidogo. Shield Battery inajaza ngao peke yake. Zealot ana ngao 60 na mwili 100. Ukimwondoa vitani ngao ikiwa imebaki 5, atarudi mzima. Ukimwondoa mwili ukiwa 40, atabaki 40 mpaka mechi iishe. Zerg ni kinyume: hana ngao, lakini kila kiumbe na kila jengo linapona polepole bila kufanyiwa lolote. Anayependa kumwokoa kila askari mmoja mmoja, Protoss itamfaa.


#3 Kikokotoo

Kabla watu hawajaanza kubishana nani ana nguvu, tuelewe hesabu ya madhara, maana ndiyo inayoamua utoe nini.

Kila askari ana ukubwa wake: mdogo, wa kati au mkubwa. Silaha za mlipuko zinampiga mdogo kwa nusu, wa kati kwa robo tatu, mkubwa kwa ukamilifu. Ngao hupokea madhara yote bila kujali ukubwa. Deraya inatolewa kwanza, ndipo unapiga asilimia ya ukubwa.

Mfano ni Hydralisk, askari wa Zerg wa kupiga kwa mbali (madini 75, gesi 25, uhai 80), anayepiga 10 za mlipuko. Akimpiga Zealot, ambaye ni mdogo mwenye deraya 1, ngao ya 60 inaisha kwa mapigo 6. Mwilini kila pigo ni 10 toa 1, gawa kwa mbili, yaani 4.5, kwa hiyo mwili wa 100 unahitaji mapigo 23. Jumla 29. Akimpiga Dragoon, ambaye ni mkubwa mwenye deraya 1, ngao ya 80 inahitaji mapigo 8, na mwili wa 100 unapungua 9 kwa kila pigo, mapigo 12. Jumla 20. Dragoon mwenye bei kubwa anakufa mapema kuliko Zealot wa madini 100.

Geuza upande. Dragoon anapiga 20 za mlipuko. Kwa Zergling, ambaye ni mdogo, zinakuwa 10, na uhai wa 35 unahitaji mapigo 4 kuua kiumbe cha madini 25. Kwa Hydralisk zinakuwa 15, mapigo 6. Ukimwona mgeni wa Protoss anajaza Dragoon dhidi ya Zerg na anashangaa kwa nini anazidiwa, sababu ni hiyo. Dhidi ya Zerg mhimili ni Zealot, halafu High Templar (mchawi) na Archon (anayetokana na Templar wawili). Dragoon wanaongezwa baadaye wakati Lurker (Zerg wanaopiga wakiwa wamejifukia) wametokea, maana Lurker ni mkubwa na anaumia kwa ukamilifu.

Namba hizi hazijaguswa tangu toleo la 1.08 la mwaka 2001. Ukizikariri leo, hakuna atakayezibadilisha mwakani.


#4 mgeni_wa_aiur

Asanteni wakuu. Swali: mtu mwenye mkono mzito, asiye na kasi ya vitufe, aanze na ipi? Nimesikia Zerg inahitaji vidole vingi.


#5 MabuuMatatu

Mkuu mgeni, karibu. Kwanza fahamu mipaka ya mchezo wenyewe: kundi moja halizidi askari 12, na jengo unachagua moja kwa wakati. Huwezi kukamata Gateway sita ukatoa Zealot sita kwa kitufe kimoja.

Zerg kwenye utoaji ni rahisi kuliko watu wanavyosema. Weka Hatchery kwenye namba 5, 6 na 7. Bonyeza 5, kisha S kuchagua mabuu yote ya Hatchery hiyo, kisha herufi ya unachotaka: D Drone, Z Zergling, O Overlord, H Hydralisk, M Mutalisk. Kwa Hatchery tatu zilizojaa, vitufe tisa vinakupa viumbe tisa, au kumi na nane wakiwa Zergling. Ukisahau sekunde ishirini, mabuu yanakusubiri pale.

Protoss akiwa na Gateway nane anahitaji kuzigusa moja baada ya nyingine, na sekunde ambazo Gateway ilikaa bure hazirudi. Wengine wanakwepa kwa kupanga foleni ya Zealot watano kwenye kila Gateway. Usifanye hivyo. Foleni ya watano inafunga madini 500 kwa Gateway moja, na wanne kati yao bado hawajaanza hata kutengenezwa. Panga mmoja, mwisho wawili.

Vidole vya Zerg vinakwenda kwenye vita. Jeshi lake ni laini, linahitaji kuzunguka pande mbili kwa wakati mmoja, na makundi ya 12 yanajaa haraka: Zergling 48 ni vitufe vinne vizima. Zealot 12 ni kitufe kimoja.


#6 Ngao_Kwanza

Nakubaliana na hapo juu. Kwa mkono mzito nashauri Protoss, lakini ajifunze ufunguzi mmoja vizuri dhidi ya Zerg, maana hapo ndipo wageni wanapofia. Ni ule wa Forge (jengo la kuboresha silaha) kwanza.

Pylon kwenye 8, uijenge kwenye kambi ya pili, si nyumbani. Probe huyohuyo aendelee kwenda kupeleleza. Forge kwenye 10 au 11, mbele ya Pylon. Kisha kinachofuata kinategemea Probe ameona nini. Akikuta Zerg ameweka Hatchery kwenye 12 na Pool haijakamilika, weka Nexus kwanza, halafu mizinga. Akikuta Pool ya 9 tayari inakaribia kukamilika, mizinga miwili kwanza (150 kila mmoja), Nexus baadaye, maana Zergling sita wako njiani.

Gateway iungane na Forge kama ukuta, ukiacha upenyo wa askari mmoja tu. Zealot wa kwanza asimame kwenye upenyo huo na umpe amri ya H, asitoke. Mizinga ikae nyuma ya ukuta, karibu kiasi cha kufika mbele yake, na isiwe imefichwa nyuma ya Nexus. Makosa ninayoyaona sana kwenye rekodi za mechi ni mawili: Pylon inayoupa ukuta umeme imewekwa nje ambako Zergling wanaifikia, au kuna mwanya wa pili kati ya Forge na mwamba ambao mchezaji hakuuona. Zergling ni mdogo, anapita. Jaribu ukuta wako kwenye ramani tupu kabla ya mechi, na umtume Probe apite kila kona.

Baada ya hapo: gesi, Cybernetics Core, na kwenye Forge uanze silaha za ardhini daraja la kwanza (100/100, yaani madini na gesi). Hilo daraja usiliache.


#7 Kikokotoo

Nieleze kwa nini asiliache. Zealot anapiga 8 mara mbili, yaani 16. Zergling ana uhai 35, anakufa kwa mapigo matatu: 16, 32, 48. Ukipata daraja la kwanza, ni 9 mara mbili: 18, 36. Mapigo mawili. Theluthi moja ya kazi imeondoka kwa bei ya Zealot mmoja na gesi 100.

Zerg akipata deraya daraja la kwanza, unarudi kwenye 16 na mapigo matatu. Kwa hiyo una dirisha la muda, na Zealot wanaotoka nje waende kabla deraya ile haijakamilika. Ukichelewa, umelipia kitu kisicho na faida.


#8 Overlord_wa_Mbali

Watu wa Zerg mnajibu kwa upole mno. Ukuta na mizinga havitembei. Protoss akijifungia, Zerg anapanda: Hatchery tatu, Drone wamejaa, Lair (daraja la pili la Hatchery, 150/100), kisha anachagua. Hydralisk kumi na wawili walioboreshwa mbio na masafa (kila moja 150/150) wanaweza kuvunja mizinga miwili wakati Protoss ameweka pesa yote kwenye teknolojia. Au jengo la Spire (200/150) na Mutalisk, viumbe wanaoruka.

Mutalisk ndio sababu nzuri kuliko zote ya kupenda jamii hii. Kila mmoja ni 100/100, uhai 120, anapiga 9, pigo linaruka kwa wa pili kwa 3 na wa tatu kwa 1. Wakitawanyika ni dhaifu. Ufundi uko kwenye kuwakusanya. Chukua Mutalisk 11, ongeza Overlord mmoja aliye mbali kabisa kwenye kona ya ramani, wape kundi moja. Kwa kuwa mwenzao yuko mbali, mchezo hauwapangi tena kwa safu, na wote 11 wanarundikana mahali pamoja kama kiumbe mmoja. Probe ana ngao 20 na mwili 20, anakufa kwa mapigo matano. Mpigo mmoja wa kundi unaondoa Probe wawili kabla mzinga haujageuka vizuri.

Usisahau kwamba Overlord yule naye anapokea amri. Kila unapoamuru kundi liende, anaanza kusogea. Chagua aliye kona ya mbali ambako hakuna adui, na ukimpoteza rundo linafunguka katikati ya vita.


#9 Ngao_Kwanza

Overlord wenyewe ndio udhaifu wenu. Corsair, ndege ya Protoss (150/100), anapiga 5 tu, lakini haraka sana na kwa kusambaa. Wakifika sita, Overlord waliokaa pamoja wanayeyuka, na kila mmoja ni madini 100 na nafasi 8. Zerg aliyebanwa nafasi hawezi kugeuza mabuu hata akiwa na madini 2000. Zaidi ya hapo, Overlord ndiye jicho linaloona wasioonekana. Ukimwua, Dark Templar (125/100) anaingia kambini: anapiga 40, Drone ana uhai 40, pigo moja mtu mmoja.

Hii ndiyo njia ambayo Kim Taek-yong, anayejulikana kama Bisu, aliionyesha dunia tarehe 3 Machi 2007 kwenye fainali ya MSL, ligi ya mchezo huu huko Korea Kusini. Alimfunga sAviOr, Zerg aliyekuwa akihofiwa kuliko wote wakati huo, 3 kwa 0. Kabla ya siku ile wengi walihesabu Protoss dhidi ya Zerg kama mechi ya kuvumilia. Baada yake, Corsair wakawa sehemu ya kawaida ya mpango.


#10 Overlord_wa_Mbali

Kweli, heshima kwa Bisu. Dawa ipo lakini: Scourge, Zerg wanaoruka na kujilipua. Wawili kwa madini 25 na gesi 75, kila mmoja analipuka kwa 110. Corsair ana ngao 80 na mwili 100, kwa hiyo wawili wanamtosha. Kosa ni kuwatuma kundi la sita kwa Corsair mmoja: wawili wanamwua, wanne wanabaki hewani wakipigwa. Watenganishe wawili wawili, kila jozi na shabaha yake, na waingie kutoka pande tofauti ili madhara ya kusambaa yasiwakute pamoja. Overlord watawanye mapema, na mmoja abaki juu ya kila safu ya Drone karibu na Spore Colony (jengo la kupiga adui wa angani).


#11 Mwana_wa_Khala

Naona hadithi imesahaulika. Xel'Naga, viumbe wa kale wa hadithi hii, waliwagusa wote wawili: Protoss wakitafuta umbo safi, Zerg wakitafuta kiini safi. Zerg anameza viumbe vingine na kuvifanya sehemu yake. Protoss anabeba ustaarabu wa Aiur, sayari yake, na mgawanyiko wake na Dark Templar waliofukuzwa. Haya yote yamo kwenye namba zenu: majengo yanayopona kwa sababu ni hai, mwili wa Protoss usiorudi, Templar wawili wanaotoa nafsi zao kuwa Archon mmoja mwenye ngao 350 na mwili 10. Anayecheza kampeni zote mbili kabla ya kuchagua atamwelewa askari wake vizuri zaidi.


#12 mgeni_wa_aiur

Asante mkuu, nitaanza na kampeni. Swali la mwisho: mechi ikirefuka, nani ana nafasi?


#13 Kikokotoo

Inategemea nani ameufikisha uchawi wake shambani ukiwa na nishati.

Protoss ana Psionic Storm: utafiti 200/200, kila moja nishati 75, madhara 112 kwa aliyekaa ndani mpaka mwisho. Hydralisk wa 80 anakufa kabla haijaisha. Mutalisk wa 120 anabaki na 8, na lile rundo la ndugu yetu hapo juu lote linabaki na 8. Lurker wa 125 anabaki na 13. Storm mbili mahali pamoja kwa wakati mmoja hazijumlishwi, kwa hiyo zisambaze. High Templar anazaliwa na nishati 50, hawezi kupiga papo hapo. Mtoe mapema, asubiri nyuma.

Zerg ana Defiler (50/150) kutoka Hive, daraja la tatu la Hatchery. Dark Swarm kwa nishati 100 inazuia mapigo ya mbali ya kawaida ndani ya wingu. Mizinga na Dragoon wanakuwa bure kabisa, huku Zergling na Lurker wanafanya kazi kama kawaida. Ukipata Consume (100/100), Defiler anamla Zergling mmoja na kupata nishati 50, hivyo Zergling wawili ni wingu jipya. Protoss asirudi nyuma kila wingu linapotua. Zealot wanapiga ndani ya wingu, Storm inaingia, Reaver (anayerusha mabomu) pia.


#14 MabuuMatatu

Niongeze jambo ambalo mgeni atalikuta mapema: mechi za jamii kwa jamii yake. Zerg kwa Zerg ni fupi na kali. Pool ya 9 inaipiga Hatchery ya 12, Pool ya 12 inaizuia Pool ya 9, Hatchery ya 12 inaipita Pool ya 12 kwa uchumi. Baada ya hapo ni Zergling, Mutalisk na Scourge, na mara nyingi inaamuliwa na nani amepoteza Zergling sita wa kwanza. Asiyependa hali hiyo ataichoka Zerg haraka, hata kama anazipenda mechi nyingine zote. Protoss kwa Protoss inakwenda na Dragoon wenye masafa (150/150), Reaver na kupeleleza kwa Observer (25/75), kwa sababu Dark Templar wa mpinzani asiyeonekana anaweza kumaliza mechi peke yake.

Mgeni, cheza mechi kumi za Zerg kwa Zerg na kumi za Protoss kwa Protoss kabla ya kuamua. Rekodi zake zihifadhi, uzilete hapa, tutazipitia.


#15 mgeni_wa_aiur

Sawa wakuu. Naanza na Protoss kwa sababu ya vidole, na ukuta wa Forge nitaujaribu kwanza kwenye ramani tupu. Nikihifadhi rekodi, nikate sehemu ya mwanzo au nilete nzima?


#16 Ngao_Kwanza

Lete nzima. Faili ni ndogo, na dakika tatu za kwanza ndizo zitakazotuonyesha Pylon yako iko wapi na Probe aliona nini kabla hujaweka Nexus.